Anayetoka wa Mwisho

Mapendo mwanangu,

Salamu nimezifunga ndani ya begi pamoja na karanga na chapati, kwa hiyo humu naingia na maneno peke yake. Habari za kuvaa sweta, za kutoshika mzigo wa mtu mpakani, za kulala na viatu miguuni, hizo Mama Kibwe atakuambia mpaka umchoke. Mko pamoja safari nzima hadi Kalemie, na mdomo wa mama yule haujui kituo.

Nakuandikia Kiswahili makusudi. Najua utanuna. Utang'aka kwa Kizulu chako, "Haibo, Malume," yaani mjomba, "si ungenitumia sauti tu kwenye simu?" Hapana. Soma kwa macho yako, polepole, ukitamka, tangu basi litakapotoka Park Station. Ukifika mpakani Beitbridge uwe umemaliza na ulimi umelainika, maana baba yako hajui Kiingereza cha Rosettenville wala Kizulu cha shuleni kwenu, na huko hakuna atakayekuita Lerato badala ya Mapendo kama wafanyavyo rafiki zako. Na usicheke mwandiko. Niliishia darasa la tano, na hilo la tano nililimaliza kwa sababu nilikuwa mrefu, mwalimu akaona haya kuniketisha tena na watoto. Lakini Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha mapadri wawili ninaowajua, na mmoja wao alisoma Roma.

Jumapili uliniambia neno. Ulikuwa unaosha vyombo, umenipa mgongo. Ukasema, "Nitamuuliza huyo baba swali moja tu. Kwa nini hukuja. Akijibu asijibu, nageuka narudi." Mimi nikajifanya natafuta mkasi, na mkasi nilikuwa nao shingoni.

Hilo swali ndilo lililonikalisha mezani leo, cherehani nimeisukuma pembeni, gauni la bibi harusi wa watu linaningoja bila mikono. Naogopa utaliuliza mlangoni, kabla hajaketi, kabla hujauona uso wake vizuri, kisha urudi hapa La Rochelle na kidonda badala ya baba. Nina hofu ya pili pia. Hiyo nitaisema mwishoni nikipata ubavu.

Kolonele, baba yako, umemsikia kwangu tangu unanyonya kidole. Lakini nikitazama nyuma, hadithi zote nilizokusimulia zilikuwa za Kolonele kwa jina tu. Aliyejaa ndani ni mimi. Mimi na upepo, mimi na mamba. Juzi ulinikamata mbele ya wateja: "Malume, mwaka jana mamba alikuwa mmoja. Leo wawili?" Nikakujibu, "Walizaa." Watu wakacheka hadi wakasahau kudai suruali zao. Sasa acha nikupe Kolonele mwenyewe, nami nitajibana pembeni kadiri mtu wa umbo langu anavyoweza kujibana.

Alikuwa mtoto wa mtu wa reli. Baba yake alishika bendera pale stesheni ya Kalemie, nyekundu na kijani, na kazi yake ilikuwa kutoondoka jukwaani mpaka abiria wa mwisho amepanda. Kolonele alikulia miguuni mwa mzee huyo. Akaingia jeshini kijana mwembamba, akafundishwa kuruka na parachuti, akapelekwa ng'ambo, akarudi na mabawa ya chuma kifuani na Kifaransa cha kukoromea. Akapanda cheo kwa cheo, wala hakupanda kwa kubeba mikoba ya wakubwa. Mwisho akakabidhiwa kikosi kizima cha miavuli, vita ikiwa tayari imeshaanza kutushinda. Upande gani, utaniuliza. Mwanangu, wakati ule pande zilibadilika haraka kuliko taa za robot pale kwenye kona yetu.

Alichokabidhiwa kilikuwa aibu. Askari wenye viatu visivyo ndugu, na parachuti zilizoliwa na panya. Ndipo nikaingia mimi. Nilikuwa fundi cherehani kijana, bora kuliko wote kutoka Moba hadi Kabalo, na kama kuna aliye bora zaidi hajajitokeza mpaka leo. Nikadhani nimepata kazi ya kukaa kivulini. Kumbe Kolonele ana sheria yake: anayeshona parachuti ataruka nayo. Tena huichagui, anaokota yeye mwenyewe kutoka kwenye rundo, anakuvika. Ah! Tangu siku hiyo sikuruka hata tundu moja la sindano. Begi lako nimelishona kwa mshono huohuo. Litakatika basi, begi libaki.

Sasa sikiliza desturi yake ya mlangoni, maana ndiyo utakayokutana nayo. Makamanda wengine huruka wa kwanza ili wasifiwe. Yeye alisimama kando ya mlango wa ndege, upepo unampiga, na kila askari aliyefika alimgusa bega na kumwita kwa jina la mama yake. Hakutaja jina lako, wala cheo, wala kabila. "Mutoto wa Zaina!" Anaruka. "Mutoto wa Kabedi!" Anaruka. Alisema mtu akiingia hewani akumbuke kwamba kuna aliyemshusha duniani mara ya kwanza salama. Walipokwisha wote, ndipo yeye. Sikuwahi kumwona akitoka kabla ya mtu.

Mara yangu ya kwanza, katika mazoezi, nilishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Chini mashamba ya mihogo yalikuwa madogo kama viraka vya shati. "Mutoto wa Mauwa!" Mauwa ni nyanya yako. Sikuruka. Nyuma yangu matusi: "Fundi, toka! Umekuja kushona mawingu?" Taa ya kuruka ikarudi nyekundu, uwanja ukatupita. Mkubwa mwingine angenipiga teke la kiuno. Yeye akamwambia rubani azungushe ndege, kisha akanisogelea sikioni.

"Mauwa anapika nini leo?"

"Sombe na ndakala, Kolonele." (Yaani kisamvu na dagaa, wewe uliyezaliwa mbali.)

"Basi shuka ukale."

Ndege ikazunguka. Akaniita tena, kwa sauti ileile, bila hasira. Nikaruka. (Nikawa wa kwanza kugusa ardhi kati ya wote, lakini nimeahidi kujibana.) Mapendo, katika miaka yake yote ya ukamanda mtu yule hakumsukuma hata mmoja. Alikuita, akangoja.

Halafu ikaja siku ya vita yenyewe. Tuliruka kuteka uwanja wa ndege mdogo, na upepo ukatutawanya kama makapi. Mimi ukanipeleka hadi mtoni. Mamba nawaacha. Kolonele aliposhuka, alizunguka porini mchana kutwa akiita majina ya akina mama, na wenye uhai wakaitika kutoka vichakani. Kwa kila asiyeitika alikwenda mwenyewe, baadaye, hadi nyumbani kwa mama aliyemtaja mlangoni. Hakutuma mtu. Alivua kofia, akaketi mkekani, akangoja mama amalize kulia.

Ndivyo alivyofika kwetu. Mimi sikuwa nimeitika, nilikuwa mbali na masikio yamejaa maji. Akaketi kwa Mauwa, na Mauwa akapiga yowe mtaa ukajaa. Mama yako Feza akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Umeiona maiti yake?"

"Hapana, dada."

"Basi usimlize mama yetu bure. Kaka yangu huchelewa. Hata kuzaliwa alichelewa."

Kamanda wa kikosi kizima akavaa kofia yake, akaondoka. Akarudi kesho yake kuuliza kama nimefika. Akarudi tena. Nilipotokea, juu ya baiskeli ya kuazima, na kuku niliyepewa na chifu mmoja kwa ushujaa, nikamkuta ndani anakula sombe. Akasimama akanikumbatia, kisha akamtazama Feza juu ya bega langu, akasema, "Nilikuja kuomba radhi kwa mtoto mmoja wa Mauwa. Nimempata mwingine." Feza akasema, "Maliza chakula kwanza." Hiyo ndiyo posa, mwanangu. Mengine yalikuwa sherehe.

Sasa nafika mahali ambapo sijawahi kukufikisha. Si kwamba nilificha. Hadithi hii haina mimi ndani yake, ndiyo maana ulimi wangu haukuitafuta.

Kikosi kilipovunjika, tulikimbilia mtoni, mpakani mwa Zambia. Pantoni ilikuwa moja, na watu kama siafu. Wakubwa wengine walivua sare wakapita kwa viwiko. Kolonele alisimama penye ubao wa kupandia, na sare yake, akagusa bega la kila aliyepanda. "Mutoto wa Zaina." "Mutoto wa Kabedi." Raia, askari, hata mwizi mmoja tuliyemjua, alimuuliza jina la mama yake kwanza. Nyuma yake, katika shule, kulikuwa na majeruhi waliongoja kubebwa, na wa kuwabeba walikuwa wanapungua.

Mama yako alifika kwenye ubao, tumbo limetangulia. Akasema, "Na wewe?"

"Mimi hutoka wa mwisho. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza."

Akamgusa bega. "Mutoto wa Mauwa." Kisha akashusha mkono, akauweka juu ya tumbo, akainama kama anavyoinamia mtu anayeogopa mlangoni. Akasema, "Mutoto wa Feza."

Umesikia? Alikuita. Kabla hujaona jua, alikwisha kukuita kwa sheria yake mwenyewe, nawe ukavuka. Pantoni ikaondoka. Alirudi shuleni kwa majeruhi, na pantoni haikurudi tena. Huko alikamatwa nao, akafungwa, akasahauliwa, akatolewa siku moja bila sare wala cheo, wala mtu wa kumwambia sisi tumefika wapi. Hili la kufungwa tumelijua mwaka huu tu. Miaka yote ile mama yako hakulijua.

Alingoja hapa mjini, Joubert Park, ghorofa ya nne, unakumbuka dirisha lile, kiti chake na uzi wake wa kusuka nywele za wateja. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo nakupa ulichukue kama ulivyochukua sweta, hata kama huoni baridi. Kulikuwa na Bwana Shekue, mtu wa Tanga, muuza simu pale chini. Mtu wa adabu. Alikuwa akimpandishia mama yako chai ya tangawizi, anasimama nje ya mlango, anatoa kikombe, anashuka. Hakuna zaidi. Mimi nikamfuata, nikatunisha kifua, nikamwambia, "Mume wa dada yangu hapandi ngazi, hushuka kutoka juu. Siku atakayoshuka hapa Joubert Park, ataanza na wewe." Maskini akatazama mawinguni. Chai ikakoma.

Feza alipopata habari alisema, "Kasongo, Kolonele namngoja kwa hiari yangu. Lakini chai ile ilikuwa yangu." Nikacheka, nikasimulia kisa kingine, nikadhani nimeponya. Kila alipotazama dirishani nilimpa hadithi: Kolonele atashuka hivi, atatua vile, pale kati ya miti ya bustani. Hadithi zangu ni tamu, hilo hakuna anayebisha, lakini mtu anayengoja ana kiu, na mimi nilimnywesha maneno. Baridi ya Julai ile ilipomchukua, kikombe cha Bwana Shekue kilikuwa bado juu ya kabati. Naye mwenyewe alileta kitambaa cheusi msibani, akasimama nje ya mlango kama zamani.

Basi mtu akija kwako na kikombe, usimuulize mjomba.

Mama Kibwe aliingia dukani mwezi ule wa vumbi na begi lililopasuka zipu. Anapanga vitenge sakafuni kama nyumba ni yake, anapiga soga. "Kaka, kwetu Kalemie kanisani kuko muzee moja wa ajabu. Misa ikiisha hatoki. Anasimama pa mulango, anagusa kila mutu bega: mutoto wa nani, mutoto wa nani. Batoto banamucheka. Eti alikuwaka mukubwa wa maparachuti." Sindano ikaniingia kidoleni. Nikamuuliza, "Yeye mwenyewe hutoka lini?" Akasema, "Wa mwisho kabisa, anafunga na mulango. Ao unamujua?"

Ulinikuta nimekaa chini juu ya vitenge vyake. Nikakuambia kizunguzungu. Unaona, hata uongo wangu ulikuwa mdogo siku ile.

Ulimsikia baba yako kwenye simu, Mama Kibwe alipotuunganisha. Sauti imekauka, maneno machache, na mara mbili alikuuliza jina, mara mbili akalisahau. Ulikunja uso. Mama Kibwe anasema ndivyo alivyo sasa, majina ya watu yanamponyoka, lakini ya akina mama zao hayampotei. Kwa hiyo ukifika usiseme mimi Mapendo. Usiseme mimi mwanao. Msubiri kanisani, Jumapili, toka pamoja na watu, fika mlangoni zamu yako. Atakugusa bega. Atauliza, "Mutoto wa nani?" Mjibu jina la mama yako. Halafu nyamaza, ungoje, kama yeye alivyokuwa akingoja. Swali lako lina haki, sikunyang'anyi. Liulize ukiwa umeketi na sahani mapajani. Ila usimpe jibu langu la pantoni. Mwache alitafute mwenyewe. Asipolipata, utakuwa unalo.

Sasa ile hofu ya pili. Nilisema nitahitaji ubavu. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi.

Naogopa utaupenda ule mlango. Kuna ziwa, kuna makaburi ya watu wako, kuna bukari, ugali wa muhogo, siyo huu wetu wa unga wa duka la spaza. Kuna baba mzee anayehitaji mtu wa kumkumbusha majina. Mimi hapa nina cherehani, na karatasi ya ukimbizi ambayo ikivuka mpaka hairudi. Mwaka juzi vijana walipovunja maduka ya wageni, ulikuwa wewe uliyesimama mbele ukawaambia kwa Kizulu kwamba huyu ni malume wako, nendeni mkavunje kwingine. Wakaenda. Hilo nalisimulia kwa wateja kwamba niliwafukuza kwa mkasi. Ukiondoka, sijui nani atanisahihisha idadi ya mamba.

Lakini sikusukumi wala sikuvuti. Sikusoma vyuo, nilisoma kwa yule aliyekuwa akiita na kungoja. Ukikaa, kaa. Ukirudi, kitanda chako sitakilundikia vitambaa, ingawa unajua jinsi chumba hiki kilivyo kidogo na mkono wangu ulivyo mwepesi kulundika.

Kesho pale Park Station utaona nimesimama penye mlango wa basi nimevaa lile koti la harusi. Usinicheke mbele ya Mama Kibwe. Nitakugusa bega, nitaita kwa sauti, hata wale wabeba mizigo wageuke: Mutoto wa Feza! Wewe panda, na usitazame nyuma. Anayegeuka mlangoni kamba ya parachuti humnasa shingoni, na hilo ni kweli tupu, halina mamba. Ukisikia mtu anavuta kamasi, ni moshi wa basi.

Na Kolonele, siku atakapokuwa ameshiba na jina lako limemkaa, mpe salamu yangu moja. Mwambie wote wameruka. Mwambie ndani ya ndege amebaki mtoto mmoja wa Mauwa, ameshika ukingo kwa mikono miwili, na taa yake nyekundu. Amwambie rubani azungushe mara moja zaidi.

Malume wako,
Kasongo